Karani na Kioo Kisicho na Vitufe

Karani wa shule huandika sababu za wachelewaji bila kutazama vidole. Vidole vyake vifupi hudonoa vitufe kama kuku waliomwagiwa mtama, huku amekukodolea macho mpaka uongo ukufie mdomoni. Wiki hii ameletewa laptopu ndogo na tableti azijaribu, achague moja. Laptopu aliizoea papo hapo. Tableti ilimwinamisha: kioo kitupu, kila herufi aisake kwa kidole kimoja, akiguna, "Mmh, hii imenyolewa." Wachelewaji wote wakaiombea tableti ichaguliwe.

Msichana wa kidato cha pili, aliyechelewa kwa usingizi tu, alikuta utosi wa karani umemwelekea, akamshukuru Mungu.

"Shangazi amelazwa, mama," alisema kwa huzuni tamu.

"Maskini. Anaumwa nini?"

"Mguu... na kifua."

Karani akainua tableti taratibu, jicho la kamera likamtazama msichana usoni.

"Rudia, mwanangu. Humu nakuona hadi kope."

Msichana akakiri: "Nililala, mama."

"Ehe," alisema karani, akiisukuma laptopu kando. "Basi nachukua hii."