Nyumba Zisizo na Baraza

Enzi za Mwingereza nilikuwa msimamizi wa shamba la minazi kule Buguruni. Mwenye shamba aliwajengea wakwezi wake nyumba mpya za bati, lakini wakagoma kuhama vibanda vyao vya makuti.

"Hazina baraza," mmoja aliniambia. "Mgeni nimkaribishe wapi, chumbani kwa mke wangu?"

Nikafoka, "Bati mmepewa, bado mnadeka!" Lakini alisema kweli, basi nikaagiza kila nyumba iongezwe baraza la udongo. Wakahamia wote, na jioni kahawa ikanukia mtaa mzima.

Asubuhi moja nikawakuta wanakanda udongo mbele ya mlango wangu mie.

"Nani kawatuma?"

"Hakuna, bwana msimamizi. Tumekuonea huruma tu, maana hata wageni huna."