Titi Si Pipa la Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, Matroni alinikabidhi pampu ya maziwa kabla hajanionyesha mahali pa kuweka sweta. Ilikuwa ya kioo, yenye mdomo mpana kama wa tarumbeta, na nyuma yake kibofu cha mpira mwekundu. Unabana kibofu, unaweka mdomo wa kioo juu ya chuchu, unaachilia polepole, na maziwa yanavutwa hadi kwenye tumbo dogo la kile kioo.

"Ichemshwe kila ikitumika," aliniambia. "Na usiipende sana. Mpira unaficha uchafu na kioo kinaumiza akina mama. Pampu ya kweli ni mkono."

Hiyo ilikuwa hospitali moja mjini Kitui, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kuzalisha, kufunga kidonda na kupima homa. Kuhusu maziwa ya mama tulifundishwa kidogo sana. Mengine niliyasoma mwenyewe katika vitabu walivyoacha wauguzi waliohamishwa, na zaidi nilijifunza kwa kutazama.

Nilipangiwa chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Mtoto wa namna hiyo hajui kunyonya. Hulishwa kwa mrija mwembamba unaopita puani hadi tumboni, kwa hiyo mama hukamua, na muuguzi humpa mtoto kidogo kidogo. Kukamua kuna utaratibu wake. Kidole gumba kinakaa juu na vingine chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Unasukuma kuelekea kifuani, kisha unabana. Huvuti chuchu, wala huburuti vidole juu ya ngozi. Siku za mwanzo hutoka dang'a, yale maziwa ya njano mazito, na hata yakiwa matone machache hayamwagwi.

Kalekye aliletwa kutoka upande wa Zombe katika mwaka wa kiangazi. Mtoto wake alikuwa msichana mdogo kiasi kwamba kofia tuliyomshonea ilikuwa ya ukubwa wa chungwa. Mumewe alikuwa kibarua Mombasa na habari zilikuwa bado hazijamfikia. Kwetu Ukambani, siku ya tatu wanawake wa nyumbani hukusanyika kumpa mtoto jina. Siku hiyo ilipita Kalekye akitazama mlango. Hakuja mtu, na mtoto akabaki bila jina.

Mwanzoni maziwa yake yalikuwa mazuri. Baadaye yakaanza kupungua. Kila nilipopita na trei, kikombe kilikuwa na kidogo kuliko cha awali. Kwenye kitanda cha jirani alikuwamo Mama Halima, mke wa mfanyabiashara wa Mwingi, aliyejifungua mapacha na kujaza vikombe bila shida.

"Kalekye," alimwita siku moja, "hicho umekamua ama umelia ndani?"

"Cheka tu. Wewe ni ng'ombe wa gredi."

Wodi nzima ilicheka, Mama Halima akiongoza. Matroni hakucheka. Aliniita kando.

"Ndunge, yule mtoto haongezi uzito. Ikifika Jumatatu hivi, namweka kwenye maziwa ya kopo."

"Lakini Matroni, kwa maji haya machafu ya kiangazi..."

"Najua maji yalivyo. Najua pia watoto wangapi wa kopo nimewafunika shuka. Niambie la kufanya, nami nitalifanya."

Nilivuta kigoda nikakaa karibu na Kalekye akikamua. Mkono wake ulikuwa sawa, kikombe kilikuwa safi, na alikuwa amekunywa uji. Kisha nikaona kitu. Aliacha maziwa yakiwa bado yanatoka kwa nyuzi, akajifunika leso.

"Mbona umeacha? Bado yapo."

"Hayo ni ya kesho."

"Ya kesho namna gani?"

Alinitazama kama mtu anayemhurumia mgeni. "Sista, kwenu ni wapi?"

"Matiliku."

"Huko hakuna kiangazi? Mtu hamalizi pipa siku moja kwa sababu mtoto ana kiu. Nabakiza. Huyu hana baba hapa, hana nyanya, hana mtu. Yakiisha haya, nitamwomba nani?"

Sikuweza kumwita mjinga. Mimi mwenyewe nililelewa kwa kikombe kimoja cha maji ya kunawa uso, na mama yangu alituchapa tulipofikia chini ya pipa. Kalekye alikuwa anafanya kile ambacho kila mwanamke mwenye akili wa nchi kavu hufanya. Ila titi halifuati sheria ya pipa. Titi lililojaa hupunguza kutengeneza maziwa, kana kwamba limeambiwa hayahitajiki. Titi lililokamuliwa vizuri hutengeneza upesi. Niliyajua hayo kutoka vitabuni, lakini maneno ya vitabuni yangemwambia nini?

"Kiangazi kikiwa kikali," nikamuuliza, "mnateka maji wapi?"

"Mtoni. Tunachimba mchanga."

"Ukichota kata moja ukaondoka, ukarudi baada ya siku mbili?"

"Utakuta mchanga umeporomoka."

"Na ukichota mpaka chini, ukangoja?"

"Yanatambaa yanakuja."

"Basi titi si pipa, Kalekye. Ni kisima cha mtoni."

Mama Halima alikuwa akisikiliza. "Na kisima chako wewe Sista," akauliza, "huteka nani?"

Walicheka tena, nami nikacheka nao. Sikuwa na mume, sikuwa na mtoto, na wote walijua. Kisha nikaenda kuchemsha pampu, ingawa ilikuwa imekwisha kuchemshwa.

Kalekye alikamua mpaka mwisho siku ile, na zamu iliyofuata akapata matone tu. Alinigeuzia mgongo. "Umenimalizia mtoto," alisema ukutani. Nilimweleza kwamba titi huchukua muda kujibu, siku moja au mbili, na kwamba lazima lisikie mwito mara nyingi, mchana na usiku, kama mtoto anavyolia. Niliyasema kwa sauti thabiti. Moyoni sikuwa na uhakika huo wote. Aliendelea kukamua, nadhani kwa hasira tu.

Jumapili wodi ilikuwa tulivu, jamaa za wagonjwa wakiwa bado kanisani. Nilimwendea Matroni nikamwomba mtoto atolewe kwenye inkubeta, lile sanduku la kumpa joto, alazwe kifuani kwa mama yake chini ya leso. Siku hizo halikuwa jambo la kawaida. Akasema, "Dirisha lifungwe. Na nitasimama hapo."

Tulimlaza mtoto katikati ya matiti, kofia yake ya chungwa chini ya kidevu cha mama. Kalekye hakuthubutu kupumua. Halafu leso ikaanza kulowa upande mmoja, kisha wa pili, bila mkono wa mtu kugusa. Hofu hufunga maziwa, na harufu ya mtoto huyafungua.

Jumatatu Matroni alikuja na kopo mkononi. Akachukua kikombe cha Kalekye, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Alilirudisha kopo kabatini akafunga kwa ufunguo.

Mtoto yule alipojua kunyonya waliruhusiwa kwenda nyumbani. Nilikuwa likizo; niliporudi, kitandani alikuwamo mwingine. Ndivyo kazi yangu ilivyokuwa. Mama akikuhitaji bado, hujamaliza. Ukimaliza, hamjuani tena. Nilihamishwa Mwingi, chini ya Sista msimamizi aliyepiga marufuku pampu zote za mpira, kisha kituo cha afya cha Makueni, ambako Afisa wa Kliniki alinitania kwamba mimi ndiye mfugaji wake wa maziwa. Kote niliwakuta akina mama wanaobakiza ya kesho, na kote niliuliza juu ya mchanga wa mtoni.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya tisini nikarudi Matiliku. Majirani bado wananiita Sista, kwa kuwa hakuna jina la mtoto la kuniitia. Mwaka jana Mwikali, mwalimu wa nyumba ya pili, alikuja na pampu ya plastiki aliyoletewa na dadake kutoka Nairobi.

"Sista, likizo ya uzazi imeisha na maziwa yanaisha pia. Shuleni nakamua kidogo tu, mengine namwekea mtoto ya jioni."

Nilimkaribisha kiti. Tulikaa mpaka chai ikapoa, nikapika nyingine. Nilimwonyesha mkono, nikamwonyesha jinsi ya kuweka kikombe kilichofunikwa ndani ya beseni la maji baridi kivulini, nikamweleza habari za kisima. Alisikiliza yote. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoongea hivyo.

Maziwa yake yalirudi. Najua kwa sababu hakuja tena kuuliza, na kupitia ua humsikia mtoto akicheka. Ni habari njema, na ndiyo niliyoitafuta maisha yangu yote. Hata hivyo, jioni kadhaa baada ya hapo niliendelea kuweka maji ya chai ya watu wawili.