Karatasi Iliyokunjwa Mara Moja

Harufu ya unga wa ngano uliopikwa mzito mpaka ukawa gundi hunisumbua hadi leo. Nikiisikia nanyanyuka, nazunguka chumba, nakaa, nanyanyuka tena. Ndiyo harufu ya mwaka ule mitumba ilipojaa sokoni Moshi, na shangazi yangu Aikande, fundi cherehani wa kwetu Uru, akakosa nguo za kushona. Barazani alishona na Zainabu, mtu wa mjini aliyepanda kumsaidia msimu mmoja tu akabaki. Baba mkubwa aliwahi kuletewa majarida kutoka China, na ndani yake mlikuwa na ndege na maua ya karatasi nyekundu, yamekatwa kwa mkasi. Shangazi aliyaiga mpaka akayazoea, kisha akaanza kukata mbega, migomba na maua ya kahawa, akayabandika madirishani. Mimi, mtoto wa kike nisiyetulia, niliokota vipande chini ya cherehani.

Kukata bibi na bwana harusi kulikuwa na utaratibu wake. Ukikunja karatasi na kukata nusu, ukiifungua unapata wawili wanaofanana. Kwa hiyo bwana hukatwa peke yake, bibi peke yake, halafu wanaunganishwa kwa gundi. Shangazi alikuwa amepamba harusi nyingi za majirani kwa namna hiyo. Basi alipopatikana mchumba wa kumwoa yeye, mjane mwenye duka, Bibi, mama yake, alimwamuru apambe sebule, maana wazee wa upande wa pili walikuwa wanakuja na mbege, pombe ya ndizi ya kuposea. Siku hiyo Zainabu alikanyaga cherehani isiyo na kitambaa. Niliogopa sana. Shangazi angeolewa, Zainabu angeteremka mjini na asingerudi.

Wageni walipokaa waliiona picha dirishani: wanawake wawili wenye magauni, wameshikana mikono, katikati yao jani la isale. Mzee mmoja akacheka.

"Haraka haraka haina baraka. Binti kakunja karatasi, bwana harusi kavaa gauni."

Shangazi akawapa shikamoo kwa adabu, kisha akamgeukia Bibi. "Mama, sijakosea."

Bibi akainuka, akanyoosha mkono kuibandua. Kwetu, mtu akikujia na isale kuomba radhi, huwezi kumkatalia. Mkono wake ukafika kwenye lile jani, ukasimama. Akarudi kukaa, akawaambia wageni kwamba binti yake hajakubali, warudi na mbege yao. Hakuzungumza na shangazi mpaka kahawa ilipovunwa, lakini picha hakuigusa. Nilimpenda Bibi kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Shangazi na Zainabu wamezeekea palepale barazani. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi nimekibana kifuani miaka yote hii. Ninaishi Arusha na mwanamke ambaye mama yangu humwita "yule mpangaji mwenzako". Kila Krismasi tukipanda Uru nabeba kwenye pochi karatasi nyekundu niliyoikata mwenyewe, na isale katikati. Mama hukaa kando ya dirisha lilelile, ambapo jua limekwisha kuila picha ya shangazi, ikabaki alama ya gundi. Sijui kama ana moyo wa Bibi. Naingia sebuleni, natoka uani, naingia tena, na tunateremka karatasi ikiwa bado imekunjwa.