Kipande cha Sindano

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyweshwa chai mpaka tumbo likajaa. Ilikuwa Xintang, mji wa jinzi ulio mashariki mwa Guangzhou, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo, nina shahada ya uhandisi wa nguo, futi kamba shingoni na kioo kidogo cha kuhesabia nyuzi mfukoni. Laoban, ndivyo wanavyomwita bosi mwenye kiwanda, alinikalisha kwenye meza yake, akamimina vikombe vidogo vidogo, akaniuliza habari za kwetu Tanga, akamimina tena. Kumbe wakati huo watu wake walikuwa stoo, wanapanga maboksi mazuri juu na mabovu chini.

Mkuu wangu wa Ukaguzi alikuwa Mzanzibari, mtu mpole asiyeinua sauti. Tulipokuwa kwenye basi la kurudi mjini aliniambia, "Mwanangu, chai yao kunywa, kukataa si adabu. Lakini kunywa umesimama. Na boksi la kwanza kulifungua liwe la chini kabisa." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mkaguzi wa bidhaa: mnunuzi yuko Kariakoo, mzigo uko China, na katikati upo wewe na macho yako.

Nayaeleza haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Juzi wanafunzi wetu wa Afrika Mashariki walipelekwa kutembelea ukumbi wa maonyesho, wakaniomba niwasindikize kwa kuwa ndimi mama yao hapa. Binti mwenye kipaza sauti akatueleza kwamba hili ni eneo lenye watu wengi, linaloendeshwa na teknolojia. Ukutani ikapita filamu: magari ya umeme, droni zinazopeleka chakula, na suruali ya jinzi ikisafiri peke yake kutoka kwenye kitambaa mpaka kwenye boksi bila kuguswa na mkono wa mtu. Wanafunzi wakapiga makofi. Mimi mikono yangu niliiacha mapajani.

Watu wengi, sawa, lakini ni akina nani? Wapo wenyeji wa vijiji vya zamani, akina bibi wanaopangisha vyumba katika vichochoro ambamo jua haliingii. Wapo waliotoka Sichuan na Hunan, wakaacha watoto kwa wazazi wao, wakaja kushona hadi vidole vikapinda. Wapo Waislamu wa kaskazini-magharibi wenye maduka ya tambi, tulikokula bila kuulizana nyama kachinja nani. Tupo na sisi, wa Kariakoo na Darajani, Wakenya na Sheng yao, Wakongo na Kifaransa chao, tunaoburuta mabegi kwenye kila ngazi ya mji huu. Sikumwona hata mmoja kwenye filamu ile.

Baada ya jinzi za watu wazima nilihamishiwa nguo za watoto, na huko nikakutana na Dada Qin, kiongozi wa laini, yaani msimamizi wa safu moja ya mashine. Mtu wa Hunan, mfupi, mkali, hacheki na mtu akiwa kazini. Nguo za watoto zina sheria yake. Sindano ikikatika, mshonaji hapewi nyingine mpaka vipande vyote vipatikane na kubandikwa kwenye kadi, vikitimia sindano nzima. Kisha kila suruali hupita kwenye mashine ya kutafuta chuma, ambayo ikinusa chuma inalia na kusimama. Ndiyo maana suruali ilipitishwa kabla haijatiwa vifungo na zipu vya chuma.

Siku moja sindano ilikatika lori likiwa tayari nje, linasubiri kupeleka mzigo bandarini Nansha. Ncha haikuonekana. Dada Qin akazima laini nzima, akawapigisha watu magoti na sumaku mikononi. Meneja Uzalishaji akaja mbio.

"Kipande chenyewe ni kama punje ya mchele," alisema. "Wewe unasimamisha kontena kwa punje ya mchele?"

"Sindano ilitoka stoo nzima," Dada Qin akamjibu, hata hakuinuka. "Itarudi nzima."

Meneja akanigeukia mimi, akitarajia nitamuunga mkono kwa kuwa mnunuzi anayengoja mzigo ni mtu wa kwetu. Nikapiga magoti karibu na Dada Qin. Ncha tuliipata ndani ya mshono wa kiuno cha suruali ya mtoto, pale hasa tumbo linapoegemea. Meneja aliitazama, akatoka nje kumwambia dereva wa lori angoje.

Miaka ikaenda, kiwanda kikapata laoban mwingine, kikafungwa kamera na vioo vikubwa vya kuonyesha takwimu. Msinielewe vibaya, sina ugomvi na kamera. Inaona doa na uzi uliokatika kuliko macho yangu ya sasa. Lakini ili kazi iende mbio, wakaanza kutia vifungo na zipu mapema. Basi mashine ya chuma ikawa inalia kwa kila suruali, na mtu mmoja, kwa amri ya wakubwa, akaipunguza ukali mpaka ikanyamaza. Mashine haikuwa na kosa lolote. Iliambiwa inyamaze, ikanyamaza. Dada Qin aliambiwa vivyo hivyo, akakataa, wakamwambia mfumo mpya hauhitaji kiongozi wa laini.

Nilikwenda kwa Mkuu mpya wa Ukaguzi, kijana wa Dar, mtanashati, kishikwambi hakimtoki mkononi.

"Mama, mfumo umeshaupitisha huu mzigo," aliniambia. "Angalia, kijani tupu."

"Kijani kwa sababu mashine wameiziba masikio. Nipe watu, tupapase viuno kimoja kimoja."

"Kontena linaingia Nansha leo, mama. Huu ni mzigo wa Idi."

"Na wanaovaa ni watoto."

"Mei banfa, mama." Hakuna la kufanya. Ndilo neno la Kichina la kukatalia, na kijana huyu alilijua kabla hajajua kuagiza chakula.

Nikampigia mwenye mzigo mwenyewe, Kariakoo. Naye akaniambia, "Dada yangu, ukichelewa Idi nitamuuzia nani?" Hapo ndipo hasira ziliponipanda hasa. Wachina nitawalaumu mpaka lini, ikiwa mtu wetu, mwenye watoto wake, anasikia habari ya sindano na anajibu habari ya soko? Nilikataa kutia saini. Wakaupeleka mzigo bila saini yangu, mlango wa kontena ukafungwa, na wiki ile ile nikaomba kustaafu. Hakuna aliyenizuia.

Tulipotoka kwenye maonyesho sikurudi nyumbani. Nilikwenda kichochoroni kwa Dada Qin. Siku hizi ana mashine moja mlangoni mwa mwenye nyumba wake, anatengeneza zipu na kupunguza suruali.

"Wamekuonyesha nini?" akaniuliza.

"Suruali inayojishona."

Aliendelea na zipu yake. "Na sindano ikikatika," alisema, "anainama nani kuitafuta?"

Visa yangu inaelekea mwisho, nafunga mizigo. Futi kamba na kioo changu nimeviweka kwenye begi la mkononi, sijui vya nini. Watu huniuliza kama nimeridhika na kazi yangu. Sijaridhika. Mzigo ule umeshatandazwa madukani, umeshanunuliwa, na sijui uko kwenye viuno vya watoto gani. Hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo, na sitaki mtu aniambie niliache.

Mkesha wa Idi mwanangu Zuhura alinipigia video kutoka Temeke. Mjukuu wangu alikuwa anarukaruka kitandani na chupi, anadai nguo yake mpya. Zuhura akainyanyua mbele ya simu: jinzi ndogo, vifungo vinang'aa.

"Imetoka huko huko kwenu, mama. Nzuri?"

"Igeuze nje ndani."

"Mama jamani, umestaafu."

"Igeuze, Zuhura. Weka dole gumba kwenye mshono wa kiuno, minya, utembeze polepole mpaka mwisho."

Akaiegemeza simu ukutani, akaanza kupapasa huku anacheka. Mtoto akanyoosha mkono kuichukua.

"Hakuna kitu, mama."

"Umefika nyuma, kwenye lebo?"

Akaitazama suruali. Hajafika. Nikamwambia aanze upya, na mtoto asivae kwanza.