Jiwe la Mtani Wangu

Jiwe la kwanza lilirushwa na jirani yangu, mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameniletea muhogo wa kuchemsha, bado wa moto, kwenye bakuli la mkewe. Lilimpata mfugaji juu ya jicho la kushoto. Nilisikia mlio kabla sijaona damu, mlio mkavu kama wa kibuyu kinachoanguka sakafuni. Kisha yakafuata mawe mengine, na fimbo, na mpini wa jembe.

Watu huniuliza picha zangu nazitoa wapi. Zamani nilikuwa na jibu: nazitoa kwenye bonde, kwenye dhuluma na kwenye nyuso za watu. Tangu siku ile jibu hilo linanikwama, maana vyote vitatu vilikutana mahali pamoja, juu ya majivu, nami nilikuwa pale na penseli yangu.

Nilizaliwa Masasi, chini ya yale majabali. Nikaolewa Newala, mume akafariki, nikabaki. Kinachonilisha ni mabango ya saluni, ya duka la dawa, ya ghala la korosho. Kwa hiyo wananiita fundi. Picha ni kazi ya saa zinazobaki. Nimewachora wanawake wa Kitangari wakipanda mteremko na ndoo za maji, shingo zimekakamaa. Nimechora vidole vya wabanguaji korosho vilivyobabuliwa na mafuta ya maganda. Kabla sijagusa karatasi hutazama kwanza: nani kasimama wapi, jua liko upande gani, upepo unatoka wapi. Ni tabia tu, lakini siku ile ndiyo iliyonifanya shahidi.

Ilikuwa kiangazi, mikorosho ikiwa na maua. Nilikaa ukingoni, pale tambarare inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likafunguka chini, nikichora ukungu unavyojitenga na miti. Jirani yangu akapita na shemeji yake na mbwa wao. Walikuwa wanakwenda kuwinda panya. Uwindaji wenyewe ni rahisi: unawasha nyasi kavu, panya wanakimbia moshi, mbwa na fimbo vinawasubiri.

Mimi ni Mmakua, yeye ni Mmakonde, na sisi tunahesabiana watani. Mama yake alipofariki niliingia msibani nimevaa viatu vya marehemu, nikamlilia kwa kejeli mpaka wafiwa wakacheka. Ndivyo inavyotakiwa. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na mwenzake haruhusiwi kukasirika.

"We Mmakua," aliniambia akipita, "bonde lote hilo unalipeleka wapi? Kwenu Masasi hakuna?"

"Naliokoa kabla hamjalila. Ninyi hata panya hamuwaachi."

"Panya hao hao, jioni utakuja na sahani."

Shemeji yake alicheka. Nikawaona wakishuka kwenye pori la nyasi upande wa kulia kwangu, nikamwona jirani yangu akichuchumaa, kiberiti mkononi. Moshi ukapanda wima, mwembamba. Nikauchora.

Mchana upepo wa bondeni ukageuka. Moto uliinuka kama mtu aliyeitwa jina, ukaruka njia, ukaingia kwenye mikorosho ya bibi mmoja mjane anayeishi mwisho wa kijiji. Mti wa kwanza ulipasukapasuka, moshi mweusi ukatuchoma macho. Mti wa pili sikuuona ukishika. Niliuona tayari umekuwa moto. Mijusi ilikimbia juu ya miguu yangu. Jirani yangu na shemeji yake walikimbilia kijijini, nikadhani wamekwenda kuita watu. Kweli, waliita watu.

Lakini kabla watu hawajafika, alitokea kijana mmoja mfugaji. Alikuwa wa wale waliokuja na ng'ombe wao kutoka mbali, na ng'ombe hao walishakula mihogo ya watu, kukawa na maneno. Aliwaacha wanyama wake, akakata tawi bichi, akaanza kuupiga moto peke yake. Aliupiga kwa nguvu huku akikohoa. Nikaweka chini ubao wangu wa kuchorea, nikavunja tawi langu, nikawa naupiga moto upande wa pili.

Kundi lilipofika, lilimkuta yeye katikati ya majivu, mweusi hadi kwenye viwiko.

"Mikono ile pale! Tazameni masizi!"

"Mihogo haikutosha, sasa na korosho!"

Alinyoosha mkono na lile tawi, kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Ndipo jirani yangu akarusha jiwe.

Nilipiga kelele. Nilisema maneno haya, nayakumbuka vizuri kwa sababu nimeshayarudia mbele ya watu wenye kalamu: "Siye huyu! Aliyewasha ni mtani wangu, nimemwona kwa macho yangu!"

Watu wakacheka. Katikati ya mawe, huku kijana amepiga magoti na damu inamwingia kinywani, walicheka kweli.

"Fundi, utani hata kwenye moto?" alisema mama mmoja.

"Mmakua hana haya," akajibu mwingine.

Jirani yangu alinitazama. Sura yake ilitikisika kidogo, kisha ikatulia mahali pake pa kila siku. "Mnamsikia?" akawaambia akicheka. "Kesho atasema na ukame nimeuleta mimi." Akainama, akaokota jiwe jingine.

Nilimrukia mkono. Mtu alinisukuma kifuani, nikaanguka juu ya ubao wangu, ukavunjika. Nikiwa chini niliona miguu tu: ndala, viatu vya mvua, kisigino kilichopasuka, na kati ya miguu hiyo mkono wa kijana ukifumba na kufumbua. Fimbo ilipotua kwenye goti lake, alilia kwa lugha ya kwao.

Aliyewazuia ni yule bibi mjane. Alifika akihema, akapenya, akajilaza juu ya kijana kama anayefunika unga usinyeshewe na mvua.

"Bibi, toka! Huyu kakumaliza!"

"Mikorosho ni ya nani?"

"Yako, bibi, ndiyo maana..."

"Mmenisikia nikimtuma mtu anilipizie? Haya, nipigeni mimi kwanza."

Mawe yaliyokuwa mikononi yalianza kuanguka, moja moja, kimya kimya, kama si ya mtu. Tulimfunga kijana kichwa kwa kanga ya yule bibi, tukampakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na mimi. Njia nzima hadi hospitali damu yake ilinipitia shingoni, ya moto.

Baadaye niliichora siku ile kwenye mbao nne zilizounganishwa, kwa udongo mwekundu na majivu niliyoyachota pale pale. Sikumpa jirani yangu sura ya shetani. Nilimpa ile ninayoijua, ya mtu anayegonga mlango akicheka, na bakuli la muhogo, ila mkono wake umeshika jiwe.

Mkewe alikuja kuiona. Alipiga hodi, akasimama mbele ya mbao muda mrefu.

"Umemchora anacheka."

"Alicheka."

"Watu hawatajua alicheka kwa nini."

"Wewe unajua?"

Alipitisha kidole hewani, uso kwa uso, akiwatafuta watu. "Mimi mbona sipo?"

"Sikukuona."

"Nilikuwa nyuma. Nilibeba mawe kwa kanga." Akavuta pumzi. "Kama unachora, chora."

Nikamchora. Hakuniomba nimtoe mumewe.

Mumewe na wenzake wawili wameshtakiwa kwa kumpiga yule kijana. Nilipotoa ushahidi, jirani yangu aliniuliza mwenyewe, kwa heshima, kama ni kweli sisi ni watani. Nikasema ni kweli. Akauliza kama nimewahi kumwita mchawi, mwizi, mla panya, mbele za watu. Nikasema ndiyo, mara nyingi. Watu nyuma wakaguna. Hakimu akauliza kama kuna jambo nimewahi kumwambia mshtakiwa huyu kwa dhati. Nilitafuta kichwani, miaka yote ile ya uzio mmoja. "Siku ile ya moto," nikasema. Hakimu akaandika.

Sasa anatakiwa mfugaji mwenyewe, aeleze alivyoukuta moto. Alitoka hospitali akiwa na jicho moja na homa isiyokatika. Ndugu zake wakamchukua, wakaswaga ng'ombe usiku, hawakuaga. Kijijini wanasema aliyekimbia ndiye aliyewasha. Yule bibi anasema mtu aliyepigwa hivyo hana sababu ya kurudi. Kesi imeahirishwa tena.

Namba ya simu ya yule kijana ninayo, alinipa hospitali. Kwa muda mrefu haikupatikana. Wiki iliyopita iliita, akapokea mwanamke; nyuma yake nilisikia ng'ombe. Nikamuuliza kama yule kijana yu hai. Akaniuliza mimi ni nani, napiga kutoka wapi. Nikasema Newala. Akakata, na tangu hapo simu haijapokelewa.