Koti la Mfalme

Fundi wa mavazi wa jumba letu la maigizo huvaa futi shingoni kama mkufu tu, maana watu huwapima kwa viganja. Pini huzibana midomoni, kwa hiyo hujibu kwa nyusi. Tangu tumzike mumewe, aliyeigiza wafalme wetu wote huku bega la kushoto limemshuka, hata nyusi zimenyamaza. Jana mfalme wa msimu ujao, mwigizaji mgeni, alijaribu koti lake jipya mbele ya kioo.

“Mama, mbona bega hili la kushoto limelala?”

Sisi wengine tukaangalia viatu vyetu. Fundi akatema pini.

“Simama vizuri, baba,” akasema, akalikandamiza bega la mgeni taratibu, mpaka koti likamkaa sawasawa.