Miberoshi ya Mama Ndani ya Madebe

Ukivunja jani la mberoshi ukalisugua kati ya vidole, mkono unanuka siku nzima. Ni harufu kali, inakaribiana na ya mafuta ya taa ila ina utamu ndani yake. Juzi nilikuwa Kasese, nimesimama mbele ya kijana anayeuza miche kando ya barabara, nikawa nasugua jani lake kama mtu asiye na kazi. Pembeni alikuwa na mabeseni ya maji, na juu ya maji yalielea yale majani ya ziwani yanayofanana na kabichi changa. Akaniuliza, "Mama, bustani yako inataka ya udongo ama ya maji?"

Sina bustani. Sijawahi kuwa nayo. Niliacha shule mapema nikaanza kuzunguka kuitazama nchi, na hadi leo nalala pale nilipofikia. Lakini swali la yule kijana nalijua vizuri. Nyumbani kwetu Bwera tulibishana juu yake miaka mingi, na kuna wakati lilikaribia kututoa kwenye nyumba.

Tulikuwa tumetoka upande wa Butembo, miaka ya sitini, wakati wa vita. Tulivuka mto Lhubiriha, mpaka wa Kongo na Uganda, asubuhi moja, baba akiwa na godoro kichwani, mama akiwa na mdogo wangu mgongoni, na mimi, Masika, nikiwa nimekumbatia sufuria. Bwera haikuwa ugenini sana. Kinande chetu na Lhukonzo chao ni lugha za ndugu, na hata majina ya watoto ni yale yale. Mzee mmoja, Masereka, alitupa kipande cha shamba lake tukajenga nyumba ya udongo. Hakutudai kitu. Alitaka tushike desturi tu, na hakuwa na haja ya kutueleza desturi yenyewe kwa sababu kwetu pia iko hivyo: mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi ya mwenzake hupanda maharage, viazi, mihogo, vitu vinavyong'olewa msimu ukiisha. Hapandi kahawa wala mti. Kupanda mti ni kusema ardhi ni yako.

Mama alilijua hilo kuliko sisi wote, na bado alikosea. Alikuwa amekulia karibu na misheni upande wa Beni, na usichana wake wote alifagia njia iliyopangwa miberoshi kulia na kushoto. Mtunza bustani wa kanisa pale Bwera alipompa miche michache, aliileta nyumbani ndani ya kitenge kama mtu aliyebeba vifaranga. Akaipanda toka mlangoni hadi barabarani, kwa kamba, mstari umenyooka kabisa. Kwa hesabu yake, mti unaokatazwa ni ule unaozaa au unaojenga. Mberoshi hauzai cha kuliwa. Aliuona kama ua la mapadri lililorefuka kidogo.

Wakati huo huo mimi nilikuwa na bustani yangu. Baba alikuwa akinunua samaki kwenye mfereji wa Kazinga na kupanda nao lori pale Kikorongo. Wavuvi walifunika vikapu kwa majani mabichi ya ziwani ili ngege, samaki wa huko, wasikauke njiani. Samaki wakishauzwa, majani yalitupwa. Siku moja niliokota moja nikaliweka kwenye nusu pipa la kukingia maji ya mvua. Lilikuwa laini kama sikio la mbuzi, na tone la maji likiangukia juu yake lilibingirika bila kulilowesha. Chini mizizi ilining'inia kama ndevu, haikushika chochote. Baada ya muda mfupi lilizaa mtoto pembeni, kisha mwingine, kila mmoja ameshikwa na mama yake kwa uzi mwembamba. Nilikuwa nikilala kifudifudi kwenye ukingo wa pipa kuwatazama mpaka mama aniite mara ya pili.

Jioni baba alipenda kuchokoza. "Bustani ya Masika haitaki jembe," alisema. "Haina palizi. Ikikuchosha, unamwaga." Mama alimjibu kwamba kitu kisichosimama si bustani, na kwamba mbu wote wa Bwera walikuwa wanalala kwenye pipa lile. Mberoshi, alisema, kiangazi na masika uko kijani vile vile, unakaa wima, unanuka vizuri. Baba akasema ni kweli, lakini atakuwa amekufa kabla haujamfika kiunoni.

Mzee Masereka alipita asubuhi moja baada ya mvua. Alikuwa amejifunza Kiswahili jeshini, zamani za Waingereza, na alikitumia akikasirika tu. Siku zote alisema nasi kwa Lhukonzo. Kwa hiyo tulipomsikia nje anaita kwa Kiswahili, baba aliweka kikombe chini.

"Mama Masika. Kuja hapa."

Mama alitoka akifuta mikono.

"Hii nini?"

"Maua, muzee."

"Maua iko na mizizi?"

"Kila kitu iko na mizizi, muzee."

"Na hii mustari? Nani alikuambia kupiga mustari?"

"Ni njia ya mulango tu. Ku misheni banapandaka vile."

"Hapa, mustari ya miti ni mupaka. Kesho mutoto yangu ataniuliza, baba, uligawa shamba lini? Nitamujibu nini? Nitasema ni maua?"

Mzee akasogea hadi kwenye pipa langu, akaingiza mkono, akanyanyua kabichi moja ya ziwa na kuitazama mizizi ikidondosha maji.

"Hii ya nani?"

"Ya mutoto."

"Hii haina maneno. Hii haishike kitu." Akaiacha ianguke majini. "Ile ingine, ng'oa. Soko ikipita na iko bado, mutafute pahali pengine."

Niwaambie maana ya pahali pengine. Familia nyingine zilizovuka kama sisi zilikuwa zimepakiwa kwenye malori na kupelekwa kambini, mbali na mpaka, mahali ambapo mtu hasikii habari za kwao. Bwera, siku ya soko, mama alipata habari kutoka kwa wafanyabiashara wa Butembo: nani amezaa, nani amerudi, nyumba ya nani haina paa. Aliishi kwa habari hizo. Maharage yetu pia yalikuwa yanatoa maua. Baba alichukua jembe aing'oe miche hapo hapo, na mama akamwambia aliweke.

Kesho yake mama alikwenda kwa wenye maduka akaomba madebe matupu ya mafuta ya kupikia. Baba akayatoboa kwa msumari. Mama aliuchimba kila mche na udongo wake, polepole, akautia ndani ya debe, akafukia mashimo. Kisha akayapanga madebe mstari ule ule, toka mlangoni hadi barabarani, wala hakuusogeza hata kidogo.

"Mama Masika, unamtafuta mzee," baba alisema.

"Sikupanda," mama akamjibu. "Nimeweka."

Soko lilipita. Mzee alikuja akatembea kando ya mstari mzima. Alipiga goti, akainamisha debe moja, akapitisha kiganja chini yake. Akafanya hivyo kwa la pili, na la tatu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimemshika mdogo wangu mdomo. Mwishowe mzee alisimama akajipangusa goti, akamwambia mama kwamba mwanamke kama yeye angefaa kuwa karani wa mahakama. Alisema hivyo kwa Lhukonzo. Baba akakichukua kikombe chake.

Tangu hapo ikawa kawaida. Kila alipopita, mzee aliyazungusha madebe, kwa sababu mizizi ilipenya kwenye matundu ya msumari ikitafuta ardhi. Ulisikia ikikatika, tak, tak. Mama alimletea kiti wakati akifanya kazi hiyo, na wakaongea habari za mahindi. Miberoshi haikufa wala haikukua. Ilibaki ya kimo cha mtoto, kijani vile vile. Kabichi zangu zilijaza pipa zikagawiwa kwa majirani, bata wa mke wa mzee wakazila, na kiangazi kimoja maji yalipopungua mama alizimwaga zote. Hadi alasiri zilikuwa zimekauka kama gazeti. Nililia. Baba akasema nyingine zitakuja na samaki, na zilikuja.

Nilipokuwa msichana mkubwa, miaka ya sabini, siku ambazo wanajeshi walikuwa wengi barabarani na watu walipenda kuwa na majirani karibu, mzee Masereka alikuja na jembe begani. Alikuwa amezeeka. Hakumwita mtu. Alichimba shimo kando ya mlango wetu, refu la kutosha, akapumzika, kisha akamwambia mama kwa Lhukonzo autoe mti kwenye debe aupande.

Baba alimshika mzee mkono wake kwa mikono miwili. Mama alishukuru, akampikia, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alitia samadi kwenye lile shimo, akapanda mbegu za boga.

"Ulikuwa unataka nini basi, miaka yote hii?" baba alimuuliza. Alikuwa amekasirika kweli.

"Maboga ni matamu," mama alisema.

Mzee aliyaona majani ya boga yakitambaa mlangoni. Maboga yalipokomaa aliletewa mawili akala.

Nilidhani ni kiburi. Niliwaza hivyo miaka mingi, hadi mwenye nyumba mmoja niliyekuwa nimepanga kwake, mtu mwema, aliponiambia nijisikie nyumbani, nipande chochote nitakacho. Nilikosa usingizi, na baada ya muda mfupi nilihama. Ndipo nilipomwelewa mama. Mara ya kwanza alipanda miberoshi bila kujua inasema nini, na mzee ndiye aliyemfundisha. Maadamu desturi ilimkataza, hakuhitaji kujiuliza kama atarudi Butembo au hatarudi. Shimo lile lilimuuliza. Alilijibu kwa mbegu za boga msimu baada ya msimu, mpaka watoto wa mzee Masereka walipomchimbia kaburi kwenye shamba lile lile.